Somo: Kutafuta chanzo cha mlio wa ta-ta-ta baada ya kufunga heda kwenye Subaru

Mlio wa ta-ta-ta unaoanza mara tu baada ya manifoldi ya kiwandani (mabomba yanayokusanya moshi wa injini) kutolewa na heda (mabomba mbadala ya kutolea moshi) kufungwa mahali pake humtia mwenye gari hofu ya tapeti (vipande vinavyosukuma vali) au konrodi (mikono inayoshika pistoni), na injini nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu ya hofu hiyo. Katika Subaru zenye injini za EJ, kama zilivyo Impreza na Forester nyingi za zamani, mshukiwa wa kwanza ni moshi unaovuja pale heda inapokutana na silinda hedi, yaani kifuniko cha silinda. Lakini yuko mshukiwa wa pili ambaye husahaulika. Mngurumo uliozoeleka wa Subaru hutokana na mabomba ya manifoldi yasiyolingana urefu, kwa hiyo anayefunga heda za mabomba yanayolingana huupoteza mngurumo huo, na sauti ulizokuwa ukizifunika, kama za injekta (vipulizia petroli) na za pistoni, huanza kusikika ilhali zilikuwapo siku zote.

Hatua ya kwanza: sikiliza injini ikiwa baridi.
Gari lilale usiku kucha, kisha liwashwe mahali penye hewa ya kutosha, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa kuwa moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Dakika za mwanzo ndizo zenye ushahidi. Chuma kikipata moto hutanuka na kuziba upenyo mdogo, ndiyo maana gari linalopelekwa kwa fundi baada ya safari hufika likiwa kimya. Mlio wa uvujaji hufifia kadiri injini inavyopata joto na huongezeka unapokanyaga mafuta ukiwa na mzigo au ukipanda mlima, ilhali mlio wa beringi za konrodi kwa kawaida hauponi kwa joto, bali huzidi oili inapokuwa nyepesi. Chukua mpira mrefu wa maji, weka ncha moja karibu na sikio, na nyingine uipitishe taratibu kando ya maungio bila kugusa bomba wala mkanda wa injini.

Hatua ya pili: kagua vinavyogusana.
Tikisa mabati ya kukinga joto na uangalie kama bomba lolote linagusa chasisi au fremu iliyo chini ya injini. Heda za Subaru hupita chini kabisa ya injini, kwa hiyo tuta moja refu linaweza kulisogeza bomba. Kagua pia waya za plagi: waya uliopasuka hurusha cheche zenye mlio unaofanana sana na uvujaji, na usiku gizani cheche hizo huonekana.

Hatua ya tatu: zima silinda mojamoja.
Injini ikiwa katika mzunguko wa chini, chomoa soketi ya injekta moja, sikiliza, irudishe, kisha uende kwenye nyingine. Usichomoe waya wa plagi badala yake, maana petroli isiyoungua itaingia katika kichujio cha moshi na kukiharibu. Silinda ambayo mlio hupungua ikizimwa ndiyo ya kuchunguza, lakini usitoe hukumu hapo. Pistoni inayogonga ukuta wa silinda ikiwa baridi, jambo linalojulikana sana katika EJ25 (injini ya EJ ya lita 2.5), nayo hupunguza sauti silinda yake inapozimwa. Kipimo hiki hukuonyesha mahali tu. Sababu bado hujaijua.

Hatua ya nne: jaribu kwa hewa, injini ikiwa imezimwa.
Kwangu mimi hiki ndicho kipimo chenye kauli ya mwisho, kwa sababu injini iliyozimwa haina tapeti, injekta wala pistoni ya kukudanganya. Injini ikiwa baridi, elekeza mashine ya kupuliza hewa kwenye mdomo wa ekzosi, ziba pembeni kwa kitambaa, kisha pulizia maji ya sabuni kwenye flenji zote (mabamba ya kufungia mabomba), maungio ya bomba na sehemu inapokaa sensa ya oksijeni. Palipo na uvujaji patatoa povu. Usitumie kompresa kwa presha kubwa. Alama nyeusi za masizi kando ya gasketi (kizibo kinachokaa kati ya heda na silinda hedi) ni ushahidi wa ziada, ingawa katika heda iliyofungwa majuzi huenda hazijajitokeza.

Hatua ya tano: fungua na ufunge upya.
Kabla ya kununua gasketi, hakikisha inalingana na silinda hedi yako, kwa kuwa zipo zenye tundu moja la kutolea moshi kila upande na zipo zenye mawili. Weka rula ya chuma juu ya flenji ya heda. Ikiwa imepinda, gasketi mpya haitaiokoa, na ni lazima ikasawazishwe karakana. Silinda hedi ni ya aluminiamu, hivyo safisha uso wake kwa kikwaruzio cha plastiki, si kwa diski ya grainda. Shikiza kwanza nati zote kwa mkono, pamoja na zile za ungio la nyuma, ili bomba lijipange lenyewe bila kuvutwa upande mmoja, ndipo ukaze kwa zamu na spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari, ambacho kwa injini hizi ni takriban nyutonimita (Nm) 30 hadi 40. Baada ya siku chache za kuendesha, kagua ukazaji injini ikiwa imepoa kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, mlio wangu hutoweka baada ya dakika tano. Je, naweza kuuacha?
Jibu: Ikiwa kipimo cha hewa hakikuonyesha povu, huenda ni pistoni, na wengi huendesha hivyo kwa muda mrefu. Ikiwa kuna uvujaji, usiuache. Kati ya msukumo mmoja wa moshi na mwingine, bomba hunyonya hewa ya nje. Sensa ya oksijeni huidhania kuwa ni upungufu wa mafuta, na kompyuta huongeza petroli isiyohitajika. Kompyuta ikionyesha msimbo wa hitilafu P0171, yaani mafuta yamepungua kuliko hewa, baada ya kufunga heda, anza na gasketi kabla ya kununua sensa.

Swali: Nimeshauriwa nipake silikoni nyekundu juu ya gasketi. Shikamoo na asante.
Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Silikoni hiyo huvumilia takriban nyuzi 340 za Selsiasi, ilhali moshi unaotoka kwenye silinda wakati wa mzigo hupita 600. Itaungua, na mvuke wake unaweza kuharibu sensa. Gasketi mbili zilizobebana nazo sizishauri.

Swali: Stadi moja (boliti isiyo na kichwa inayoshika heda) imekatikia ndani ya silinda hedi. Nifanye nini?
Jibu: Ikiwa kipande kimebaki nje, kimiminie mafuta ya kulegeza kutu, kipe muda, kipashe joto, kisha ukizungushe kwa nati mbili zilizokazwa pamoja. Ikiwa kimekatika usawa wa aluminiamu, peleka gari kwa mtu wa karakana mwenye vifaa vya kutoboa katikati barabara na kuweka uzi mpya. Drili ya mkononi ikiteleza hula aluminiamu na kuacha chuma.

Swali: Gari langu ni la tabo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa). Je, utaratibu ni huohuo?
Jibu: Ni huohuo, ila uvujaji kabla ya tabo hupoteza pia nguvu ya kuizungusha, kwa hiyo utaona gari linachelewa kuchomoka. Kagua maungio yote hadi kwenye flenji ya tabo, hata kama povu la kwanza limeonekana kwenye silinda hedi.