Matokeo ya fomu foo (kidato cha nne) yametoka, mzazi unaanzia wapi? Twende hatua kwa hatua

Mi ni mwalimu wa sekondari, miaka kumi na kitu nipo ofisi ya taaluma, na kila Januari mambo ni yale yale, NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wakishatangaza tu simu inaanza kuita, mzazi ana swali moja: "Mwalimu, kapata divisheni ngapi?" Ukimwambia divisheni foo anashusha pumzi, anakata simu. Hapo ndo tunapopotezana. Divisheni ni jumla tu ya pointi, lakini wanaokaa mlangoni, iwe kidato cha tano au chuo, hawaangalii jumla peke yake, wanaangalia masomo, moja moja. Mzazi akilishika hilo, nusu ya safari kamaliza. Naandika hapa vile ninavyofanyaga na wazazi wanaonifuata ofisini, fuata mpangilio, usiruke ya kwanza hata kama unaiona ndogo.

Hatua ya 1: Siku yenyewe, funga mdomo

Usiwe wa kwanza kuyaona. Mwache mwenye mtihani afungue mwenyewe, akikuomba ukae naye kaa, asipokuomba kaa sebuleni.

Hili nimelilipia. Kijana wangu wa kwanza alivyomaliza, namba yake ya mtihani nilikuwa nayo kichwani, mtandao ulivyokubali tu nikafungua nikiwa ofisini, nikampigia mama yake nikaweka spika ili niendelee kusoma alama huku naongea, na humo ndani kuna walimu wanne. Mtoto alikuwa shamba kwa bibi yake anapalilia mahindi, habari zake kapewa na bodaboda aliyempelekea bibi sukari. Yaani dereva wa bodaboda kajua kabla yake! Miezi miwili hakunitazama usoni, na mi ndo mwalimu wa taaluma eti.

Jua pia kwamba matokeo yanawekwa wazi mtandaoni, shule nzima ukurasa mmoja, mtu yeyote mwenye namba anaona kila F. Kwa hiyo namba usiitupe kwenye grupu la ukoo. Baba mdogo akiuliza, mwambie "mwenyewe atakupigia", basi.

Maneno ya siku hiyo yawe machache. Mi huwa nawaambia wazazi waseme hivi: "Nimesikia. Njoo ule, tutaongea Jumamosi." Usilete habari za mtoto wa jirani, usihesabu ada uliyolipa miaka minne. Anayajua hayo yote, amekuwa akiyawaza tangu Novemba.

Ila macho yasilale. Akigoma kula siku mbili tatu, akijifungia, akaanza maneno ya "bora nisingekuwepo", hiyo sio deko. Usimwache peke yake, dawa za shamba na za panya zitoke ndani, mpeleke hospitali akaongee na mtu. Ipo namba 116 ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure.

Hatua ya 2: Daftari na kalamu

Jumamosi imefika. Kabla hamjaongea chochote, chukua daftari, andika masomo yote kwa mstari, pembeni alama. Hapa ndo nakaa sana na wazazi, na wewe kaa.

A ni 75 kwenda juu na ina pointi 1, B inaanzia 65 ina pointi 2, C inaanzia 45 ina 3, D inaanzia 30 ina 4, chini ya hapo ni F, pointi 5. Wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi wanajumlisha. 7 hadi 17 ni wan, 18 hadi 21 tuu, 22 hadi 25 thrii, 26 hadi 33 foo, 34 na 35 ziro. Pointi zikiwa ndogo ndo nzuri, wazazi wengi linawachanganya hilo.

Sasa tuchukue watoto wawili, mfano wa kutunga ila kila mwaka nawaona.

Binti: Kiswahili B, Historia C, Kiingereza C, Uraia D, Jiografia D, Baiolojia D, Kemia F, Fizikia F, Hesabu F. Saba bora ni 2+3+3+4+4+4, na la saba inabidi iwe F, 5. Jumla 25, divisheni thrii. Nyumbani soda zimefunguliwa.

Kijana: Kiswahili C, Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D, Jiografia D, Kiingereza D, Hesabu D, Uraia D, Historia F. Saba bora ni 3+3 halafu D tano, jumla 26. Foo. Huyu nyumbani kanuniwa wiki nzima.

Pointi moja tu hapo katikati. Halafu sikiliza, tuseme wote wawili wanataka mambo ya hospitali. Diploma ya utabibu, ile ya Clinical Medicine, inataka ufaulu wa angalau D nne bila kuhesabu masomo ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, Hesabu na Kiingereza zikiwepo ni nyongeza nzuri. Binti wa soda kafungiwa nje, Kemia F, Fizikia F. Kijana aliyenuniwa ana sifa ya kuomba, miaka mitatu akimaliza vizuri ni tabibu, na GPA, wastani wa alama za chuo, ikiwa nzuri anaweza kuomba digrii baadaye.

Geuza upande wa pili sasa. Kidato cha tano serikalini kinataka credit tatu, yaani C kwenda juu. Binti anazo, tena zimekaa pamoja: Historia, Kiswahili, Kiingereza, hiyo ni HKL safi kabisa, mchepuo wa masomo hayo matatu. Kijana ana C mbili, huko asihangaike.

Ndo maana nasema piga mstari chini ya kila C, zungushia duara kila D ya sayansi, halafu divisheni iandike pembeni kwa penseli.

Hatua ya 3: Muulize, halafu nyamaza

Kikao kiwe cha watu wachache, wewe na mwenzio na mtoto. Wajomba baadaye. Maswali yangu ni matatu tu: somo gani ulikuwa hulazimishwi kulisoma? Ungepewa hela ya mwaka mmoja tu wa kusoma, ungesoma nini? Na kitu gani hukitaki kabisa hata mimi nikikitaka? Hilo la tatu ndo linaleta ukweli. Kuna mzazi alikuja na binti yake, baba anaongea PCB, PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, nikamuuliza binti swali hilo, akasema taratibu, "Mwalimu, damu naogopa." Baba alikuwa hajui, miaka kumi na saba wanaishi nyumba moja.

Akikujibu "sijui", usimkatishe, na usijaze wewe. Sijui ya mtoto wa miaka kumi na saba ni jibu, mpe wiki, mpeleke akaone kazi zenyewe zinavyofanyika, gereji, duka la dawa, ofisi ya ardhi, saluni, popote una mtu unayemjua. Kukaa siku moja pale kunamfundisha kuliko mimi nikihubiri.

Hatua ya 4: Panga njia, mbili au tatu, sio moja

Kwenye daftari lile lile andika njia ya kwanza na ya akiba.

*Kidato cha tano.* Tahasusi, yaani michepuo ya masomo matatu, alizozijaza shuleni kabla ya mtihani zinaweza kubadilishwa kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI matokeo yakishatoka, miaka ya karibuni dirisha limekuwa linafunguliwa mwishoni mwa Machi na Aprili, wazazi wengi hawajui hata kama lipo. Mtoto alijaza PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) Agosti akiwa na ndoto, matokeo yamekuja yana EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu), asipobadili mfumo utampanga unavyojua wenyewe. Na hapo hapo kwenye Selform anaweza kuchagua vyuo pia. Ushauri wangu, wengine hawaupendi: mtoto mwenye C tatu za kubahatisha Fizikia, Kemia na Baiolojia usimsukumie PCB kwa ajili ya jina la udaktari, nimeona wengi wanatoka kidato cha sita hawana kitu, wakati udaktari wa chuo kikuu unataka afaulu yote matatu. Mwenye moyo aende. Anayekwenda kwa sababu baba kasema, abaki.

*Chuo cha kati.* NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, kila mwaka wanatoa kitabu cha mwongozo wa udahili, kipo kwenye tovuti yao, kina kila chuo kilichosajiliwa, kozi, sifa zinazotakiwa na ada. Kipakue. Chuo hakimo humo, achana nacho hata kama kina bango kubwa stendi. Vyuo vya afya maombi yanapita kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET wenyewe. Ile ada kwenye kitabu sio gharama yote, omba fomu ya kujiunga usome yote: hosteli, sare, vifaa vya vitendo, bima, hela ya fildi. Mzazi mmoja alipanga ada tu, muhula wa pili mtoto anatakiwa fildi mkoa mwingine, nauli hakuna, chumba hakuna, akaahirisha mwaka.

*VETA, vyuo vya ufundi stadi.* Nitasema kifupi kwa sababu watu wana majibu tayari vichwani. Fundi umeme aliyefanya kazi kwenye nyumba yangu alimaliza kujenga ya kwake kabla ya jamaa mwenye digrii aliyenikopesha hela ya bati. Kama mtoto mikono yake inapenda kazi, kaulize kozi za muda mrefu mapema, nafasi zinajaa.

*Kurudia.* Sio lazima arudie yote. Kama anakosa Kemia tu, anajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, namba yake itaanza na P badala ya S, anafanya Novemba masomo anayoyahitaji. Usajili unafunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo ukishinda unalia hadi Aprili ushachelewa. Ila muulize kwanza kwa nini alifeli. Kama mwalimu wa Fizikia hakuwepo miaka miwili, kurudia na tuisheni kutasaidia. Kama ni kwamba hapendi, utalipia F nyingine.

Hatua ya 5: Makaratasi, anza leo

Hapa pana uchovu lakini ndo panapoangusha watu. Toa cheti cha kuzaliwa, weka pembeni ya matokeo, linganisha majina herufi kwa herufi. Cheti kinasema Aisha, NECTA inasema Asha, hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, kwa mwanasheria na hati ya kubadili jina, sasa ukiigundua siku mbili kabla dirisha halijafungwa utajua hujui.

Mkopo: zamani tulizoea ni wa chuo kikuu tu, lakini tangu 2023/24 HESLB, Bodi ya Mikopo, wanakopesha pia diploma kwenye fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wale wanaotoa vyeti vya kuzaliwa na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Uhakiki unafanyika mtandaoni, ufanye mapema wakati hakuna foleni ya watu. Fomu itahitaji saini na mhuri wa serikali ya mtaa na wa wakili au mahakama, jamani mwenyekiti wa mtaa msalimieni hata miezi ya kawaida.

Hatua ya 6: Stesheneri na matapeli

Wengi maombi tunajaziwa stesheneri, sawa, ila kaa pale pale umuone anavyojaza. Vijana wa stesheneri siku za dirisha wanajaza watu hamsini kwa siku, anaweka namba yake ya simu badala ya yako ili amalize haraka, halafu ujumbe wa kuchaguliwa unaenda kwake. Namba ya simu iwe yako, barua pepe ya mtoto, na kila ukurasa mpige skrinshoti au chapa.

Ikija meseji "mwanao amechaguliwa, tuma hela ya kushikilia nafasi kwa namba hii", futa. Chuo cha serikali unalipa kwa kontrol namba, na kabla hujathibitisha jina la chuo linatokea, lisome. Na yule anayesema ana mtu wa kubadilisha matokeo, huyo hata chai usimpe.

Mwisho, paswedi ya Selform na ya mfumo wa chuo. Iandike kwenye daftari lile lile la Jumamosi, ukurasa wa nyuma, kwa kalamu. Kwenye simu ya mtoto hapana, maana hiyo simu hadi Julai ama imevunjika kioo ama ishauzwa.