Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako

Jamani leo nikiwa Kariakoo nimefanya hiki kitu nikakuta namba nisiyoijua imekaa kwenye NIDA yangu. Piga *106#, fuata menyu, chagua pa kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua nenda duka la huo mtandao wenyewe (sio kwa wakala wa mwavuli!) na NIDA yako, weka kidole, waambie waifute. Inasaidia kwa sababu tangu usajili wa alama za vidole uanze 2019 kila laini inabeba jina la mtu, sasa tapeli anayetuma zile meseji za "umepata hela ya TASAF, tuma ya usajili kwanza" anatafuta laini yenye jina lako ili kesi ikija ije kwako. Na wanaipataje? Mara nyingi ni ule mchezo wa "kidole hakijasoma weka tena", kumbe cha pili kinasajili laini nyingine, kwa hiyo ukiambiwa urudie, omba uone skrini kwanza.

Ila haitakusaidia kama laini unayotumia ilisajiliwa kwa NIDA ya dada au shemeji, hapo utaona za kwao. Na haikwambii nani anaitumia hiyo namba, wala kama mtu kashachukua mkopo kwa jina lako. Meseji za utapeli zenyewe zitume 15040, bure.