SOMO: Namna ya kuweka azimio la Kwaresima likafika mpaka Pasaka (soma kabla hujanipigia)

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa.

Mi ni katibu wa jumuiya ya Kikatoliki huku Tabata, mwaka wa sita huu, na kila ikikaribia Jumatano ya Majivu, siku tunayoanza Kwaresima (mfungo wa siku 40 kabla ya Pasaka), simu yangu inajaa swali moja tu, "katibu mwaka huu niache nini?" Wengine wanauliza Jumanne saa tano usiku, kesho yake ndo majivu. Nawapenda wote ila nimechoka kuandika kitu kilekile, mwaka jana nilikopi jibu moja nikalituma mara kumi na kitu na bado watu wakaanguka palepale nilipowaambia wasikanyage. Kwa hiyo naweka hapa yote, atakayeuliza tena namtumia linki.

HATUA YA 1. Jua tarehe. Mwaka huu 2026 majivu ni Jumatano tarehe 18 Februari, Pasaka ni 5 Aprili.

HATUA YA 2. Chagua kitu kimoja. Kimoja jamani. Na kiwe kitu unachokifanya kila siku au karibu kila siku, maana mtu anaacha kitimoto na yeye kitimoto anakula mwisho wa mwezi akipata mshahara, sasa hapo ameacha nini. Jiangalie siku yako tangu unaamka, mkono wako unaenda wapi wenyewe bila kuutuma? Kama unaenda kwenye simu kabla hujafanya ishara ya msalaba, basi ni hicho. Kama ni soda ya saa saba, ni hicho. Kama ni kumsema jirani ukiwa unasuka nywele, ni hicho, na hicho ni kigumu kuliko soda, usidhani umechagua rahisi.

HATUA YA 3. Andika kwenye karatasi, sentensi moja, ubandike ndani ya mlango wa kabati. Usiite nadhiri. Nadhiri ni kitu kingine kizito, ni ahadi unamfungia Mungu, kasome Mhubiri 5 uone anasema bora usiweke kuliko uweke usitimize. Hili ni azimio, liite azimio.

HATUA YA 4. Hapa mtulie, hapa ndo nilipoharibu.

Miaka kadhaa nyuma nikiwa nauza duka la vitambaa Kariakoo niliazimia kuacha chipsi zege na soda ya mchana, nikawa nakula muhogo niliotoka nao nyumbani. Nilikuwa naokoa kama elfu 4 kwa siku, ukizidisha mara 40 ni 160,000. Sasa kwenye jumuiya yetu kuna bibi mmoja anaishi peke yake na bati la chumba chake lilikuwa limeoza upande wa kitandani, tukawa tunalijadili pale Jumamosi, na mi kwa moyo mmoja kabisa nikasimama nikasema hiyo hela ya Kwaresima yangu yote itakwenda kwenye bati la bibi, akanishika mkono akanibariki. Basi nikafunga. Sikula chipsi hata siku moja, naapa, siku zote 40. Ila hela sikuitenga, niliiacha kwenye simu pamoja na hela zangu nyingine nikijua ipo, leo naongeza bando, kesho nauli, kesho kutwa mdogo wangu kakwama namtumia elfu kumi nitarudisha. Wiki Kuu, ile ya mwisho kabla ya Pasaka, nafungua simu niangalie salio nakuta 4,700. Na masika yalikuwa yameshaanza. Alhamisi Kuu nikaenda kwa bibi kumwambia, nikamkuta ameweka beseni la bluu juu ya godoro, maji yanadondoka humo, yeye kakaa kwenye kigoda pembeni, na kabla sijafungua mdomo akasema "karibu mwanangu, nilijua utakuja". Sijawahi kusahau lile beseni. Bati nilikuja kulimalizia mwezi wa saba kwa kuchangisha, masika yameisha.

Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba unachokiacha lazima kiwe na mahali pa kwenda. Chakula ukikiacha kiende kwa mtu, mda ukiuacha uende kwenye sala, la sivyo umepunguza mwili tu, na kupunguza mwili hata asiyemjua Mungu anaweza. Isaya 58 imesema wazi kabisa, mfungo anaoutaka Bwana ni kummegea mkate wako mwenye njaa. Kwa hiyo:

- Taja mtu au nyumba itakayopokea KABLA ya majivu. Usiseme "maskini". Maskini gani, anakaa mtaa gani?
- Hela itoke mfukoni siku hiyohiyo, ile saa ambayo ungeinunulia. Usiseme nitajumlisha jioni, jioni haitakuwepo.
- Iwe keshi, kwenye kibubu. ISIKAE KWENYE SIMU. Narudia, isikae kwenye simu.
- Usimuahidi mhusika mbele za watu. Mpelekee siku ukiwa nayo mkononi.
- Kama ulichoacha ni mda (simu, tamthilia, vijiwe) fanya vilevile, useme dakika 30 zile zinakwenda wapi, mfano saa tatu usiku Injili ya kesho yake, au kumpigia baba kijijini ambaye hamjaongea tangu msiba ule.

HATUA YA 5. Ijumaa nenda Njia ya Msalaba, ile sala ya kufuata mateso ya Yesu. Vituo 14, haizidi saa.

HATUA YA 6. Kitubio (kuungama dhambi kwa padri) nenda wiki mbili za mwanzo. Wiki Kuu foleni inafika getini na padri amechoka na wewe umechoka.

HATUA YA 7. Mwambie mtu mmoja tu azimio lako, anayeweza kukuuliza "vipi bado upo?" Sio stetasi. Mathayo 6, ukifunga jipake mafuta kichwani, unawe uso.

Basi. Ulizeni ila someni kwanza.

---

Kijana wa Segerea: Katibu kwa hiyo niache pombe au nyama?

Katibu: Hatua ya 2.

Kijana wa Segerea: Nimesoma ndo nauliza kipi bora

Katibu: Kipi mkono wako unakifuata kila siku? Mi sikujui kaka, unajijua mwenyewe.

Mama Wawili: Shikamoo katibu. Mi nina vidonda vya tumbo na mimba ya miezi mitano, mwaka jana nilifunga nikaanguka sokoni. Nimeambiwa na mama mkwe kwamba nisipofunga sijafanya Kwaresima.

Katibu: Marahaba mama. Usifunge. Kwetu Wakatoliki sheria ya kufunga chakula inawabana wenye miaka 18 mpaka 59, na siku zenyewe za lazima ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na mgonjwa na mjamzito hawamo. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba umeuliza. Chagua kitu kingine, mfano wewe upike kama kawaida na sahani moja ya Ijumaa ipelekwe kwa jirani asiye na mtu. Hiyo ni Kwaresima kamili, na mtoto aliye tumboni anashiriki nawe.

Mama Wawili: Umenitua mzigo, asante sana.

Mzee wa Kona: Jumapili si ruksa? Nasikia Jumapili haihesabiwi kwa hiyo unapiga vyombo kama kawaida

Katibu: Hesabu ni kweli. Kuanzia 18 Februari mpaka Jumamosi Kuu 4 Aprili ni siku 46, toa Jumapili 6 zinabaki 40. Jumapili ni siku ya Ufufuko, hatufungi. Ila "kupiga vyombo kama kawaida" umeongeza wewe mzee wangu. Anayesubiri Jumapili kama mfungwa anasubiri geti, aangalie upya alichoacha.

Mlinzi wa Usiku: Naomba kuuliza vizuri nielewe. Mi nalinda nyumba Mikocheni, naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi. Siku ya mfungo nasikia ni mlo mmoja, sasa siku yangu inaanzia wapi? Na sala naiweka wapi maana mchana nalala.

Katibu: Swali zuri sana, na wengi wa zamu mnapata tabu hapa. Siku kwa sheria ya Kanisa ni kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 6 usiku inayofuata. Ndani ya hapo unakula mlo mmoja wa kushiba, na unaruhusiwa vidogo viwili ambavyo ukivijumlisha havifiki mlo mzima. Kwako ningefanya hivi: asubuhi ukitoka kazini chai na kipande cha mkate ulale, ukiamka mchana kitu kidogo, halafu saa 11 jioni kabla hujaingia getini ule ugali wako ushibe, maana kulinda na njaa usiku kucha ni hatari kwako na kwa unaowalinda. Mwili ukikataa ongea na padri wako, kazi nzito ni sababu halali. Na sala, kaka yangu, wewe umepewa kitu sisi hatuna. Saa 9 usiku mtaa wote kimya, shika rozari, matendo ya uchungu, unatembea na ukuta huku unasali. Tendo la kwanza kabisa ni Yesu bustanini anawaambia wenzake wakeshe naye, wakalala. Wewe uko macho.

Mlinzi wa Usiku: Dada hilo la mwisho nimelishika. Nitaanza usiku wa majivu wenyewe.

Neno Tupu: Kwaresima haipo kwenye Biblia, mnafundishana mapokeo ya wanadamu.

Katibu: Neno halipo, limetoka kwenye Kilatini, maana yake "ya arobaini". Yesu siku 40 jangwani yapo, Musa siku 40 mlimani yapo, Eliya siku 40 kwenda Horebu yapo. Na Wakristo hawakuianza juzi, Mtaguso wa Nikea (mkutano wa maaskofu) mwaka 325 unaitaja kama kitu kinachojulikana tayari. Hutaki kufunga usifunge, ila hapa nimeandika kwa wanaotaka.

Binti wa KKKT: Sie Walutheri tunaruhusiwa kutumia somo? Kwetu tuna ibada za katikati ya wiki ila kuhusu kuacha vitu kila mtu na uamuzi wake.

Katibu: Karibu sana dada, Kwaresima ni ya wote. Ruka tu zile sheria za umri, chukua hatua ya 4, hiyo haina dhehebu.

Kijana wa Segerea: Ijumaa kuku ni nyama au sio nyama?

Katibu: Nyama, na Ijumaa za Kwaresima hatuli nyama. Samaki, mayai, maziwa sawa. Na usiende soko la samaki Feri kununua changu mzima wa kukaanga na kachumbari na pweza juu ukasema umejinyima. Dagaa na mchicha, tofauti ya bei kwenye kibubu.

Jirani Mwislamu: Asalaam aleykum, mi nasoma kimyakimya tu ila nimefurahi, mwaka huu Ramadhani na majivu yenu vimeangukia wiki moja. Hilo la kutaja mtu kabla hata sisi linatuhusu. Kwetu Buguruni tunapika futari sufuria moja kubwa, majimbi na muhogo wa nazi, mnakaribishwa, mwezi ukiwa umeandama jioni ya Jumatano si mtakuwa na mlo wenu mmoja?

Katibu: Waleykum salaam jirani. Umesema kitu, mlo wa kushiba wa Jumatano nauweka magharibi, nakuja na watoto. Uji wa pilipili manga upo?

Jirani Mwislamu: Upo wa kumwaga.

Asiyelala: Katibu tuseme ukweli, kila mwaka naanguka siku ya tatu ya nne hivi, nikishaanguka naona imeharibika naacha yote. Nianze upya kuhesabu au?

Katibu: Usihesabu upya. Siku uliyoanguka imepita, kesho yake ni siku ya tano, endelea na ya tano. Kuanguka kwenyewe hakukuondoi, ila ile siku unayosema "si nimeshaharibu" ndo unayotokea mlangoni. Mi ningekushauri siku uliyoanguka uweke kwenye kibubu mara mbili, isiwe adhabu, mradi yule mtu wako asikose kwa sababu yako. Na yule uliyemwambia (hatua ya 7) mpigie usiku huohuo. Kama huna wa kumwambia niandikie pembeni, nitakuuliza kila Ijumaa.

Asiyelala: Nakuandikia.

Fundi Bati: Kuhusu vibubu naomba niongeze. Vya mbao vile vya barabarani mtu anachokonoa na kisu noti inatoka, nimeona kwa macho, mwanangu mwenyewe. Chukua kopo la maziwa ya unga la bati, toboa mfuniko upana wa noti iliyokunjwa mara mbili, halafu zungushia gundi ya karatasi mpaka chini, na jina la anayepokea uliandike juu kwa kalamu nene. Ukitaka kuchokonoa unasoma jina kwanza.

Katibu: Hilo la jina sikuwa nalo, naliongeza. Asante fundi.

Mama Wawili: Na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana? Yangu yapo nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu yamekauka.

Katibu: Peleka parokiani Jumapili hii ya tarehe 15, hayo ndo yanachomwa kupata majivu. Usiyatupe jalalani.

Fundi Bati: Kibubu kinavunjwa lini, Pasaka yenyewe?

Katibu: Hapana, Pasaka umechelewa, mwenzako naye anataka kununua mchele wa sikukuu. Sisi mwaka huu tunafungua Jumamosi 28 Machi, kesho yake Matawi, saa 12 na nusu asubuhi baada ya sala ya jumuiya. Njoo na bisibisi na mkasi wa bati, makopo mengine yanagoma.