Kuandika YAML kwa ratiba ya basi la Tanga–Pangani

YAML ni namna ya kuandika taarifa kwa maandishi ya kawaida ili programu izisome. Fungua faili jipya, uliite ratiba.yaml, kisha andika:

```
basi:
  kutoka: Tanga
  kwenda: Pangani
  viti: 30
  kuondoka: "2:30"   # saa za Kiswahili
  vituo:
    - Tongoni
    - Kigombe
```

Kila mstari una jina, nukta mbili, nafasi moja, kisha thamani. Nafasi hiyo usiiache: `viti:30` husomwa kama neno moja zima, na programu hugoma. Vivyo hivyo kistari cha orodha, kifuatiwe na nafasi. Alama ya # huanzisha maelezo ya kusomwa na watu tu.

Nani yumo ndani ya nani hujulikana kwa nafasi za mwanzo wa mstari. Weka mbili kwa kila ngazi; hata nne zinakubalika, mradi ndugu wa ngazi moja waanzie pamoja. `viti` ikisogea kwa nafasi moja tu, faili zima linakataliwa. Kitufe cha Tab hakiruhusiwi kabisa hapo mwanzoni, na ubaya wake hakionekani kwa macho. Panga kihariri chako kigeuze Tab kuwa nafasi mbili, umalizane nacho.

Sasa ile saa mbili na nusu. Bila alama za mtajo (" "), PyYAML, yaani maktaba ya Python ya kusoma YAML, huitoa 150, yaani 2 mara 60, jumlisha 30. Toleo la 1.1 la YAML lilihesabu hivyo, la 1.2 lilitoka mwaka 2009 likaiacha desturi hiyo, ila PyYAML bado inafuata la zamani. Kinachochanganya zaidi, 08:30 husalimika kwa sababu imeanza na sifuri, kwa hiyo kosa huweza kujificha hadi mtu aandike saa kama tunavyozisema. Maneno `no`, `yes`, `on` na `off` nayo hugeuzwa kuwa kweli au si kweli. Ndiyo na hapana zetu hazidhuriki.

Namba ya simu pia itie kwenye mtajo, isije ikapoteza sifuri ya mbele. Na maneno yenye nukta mbili ndani yake:

```
  tangazo: "Abiria: fikeni mapema"
```

Ukimaliza, kagua:

```
python3 -c 'import yaml; print(yaml.safe_load(open("ratiba.yaml")))'
```

Likitokea kosa, angalia mstari uliotajwa na ule wa juu yake. Mara nyingi kosa liko huko juu.