Ruta inajizima yenyewe? Anza na adapta
Ruta, kifaa kinachosambaza intaneti ya Wi-Fi nyumbani, inayozima na kuwaka yenyewe baada ya umeme kukatika-katika, kama inavyotokea Moshi msimu wa masika, mara nyingi haijafa. Kilichochoka ni adapta, yaani chaja yake ya ukutani: taa za ruta zinawaka vizuri, lakini simu mbili tatu zikijiunga ruta inazima, kwa sababu umeme unaoifikia hautoshi. Kabla hujanunua ruta mpya, soma maandishi chini ya hiyo uliyonayo. Ikiwa ni 12V 1A (volti 12, ampea 1), tafuta adapta ya 12V hasa, yenye ampea 1 au zaidi. Ampea zikizidi hakuna madhara. Volti zikizidi unaiunguza. Linganisha pia alama ya chanya na hasi ya pini ya adapta na ile ya ruta, wengi hawaiangalii kabisa. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika 5 utulie ndipo uchomeke.