Jinsi ya kutundika tapa ya Pasifiki kwenye kabati la kioo

Tapa ni nguo ya gome la mti. Aliyeona lubugo ya Waganda anaijua nusu tayari. Vipande vilivyoletwa Ulaya kwenye safari za James Cook, nahodha Mwingereza, 1768 hadi 1780, sasa vimekauka kama majani ya mgomba.

1. Soma daftari la makumbusho kwanza. Nakili kisiwa, aliyetoa, aliyepokea. Ukikuta "Bahari ya Kusini" tu, jina la zamani la Pasifiki, usibahatishe kisiwa.

2. Vaa glavu za nitraili. Zinakulinda na wewe pia, maana makumbusho ya zamani yalipaka vitu aseniki na zebaki kuua wadudu. Usiinyanyue kwa ncha. Mimi niliwahi kuishika kama kanga inayoanikwa; mkunjo wa zamani ukatoa mlio mdogo, ufa ukafunguka urefu wa kidole. Pitisha kadibodi isiyo na asidi chini yake, muibebe watu wawili.

3. Ukishuku wadudu, ifunge kwenye plastiki, igandishe nyuzi -30 kwa siku tatu. Ikitoka, usiifungue mpaka kesho yake, la sivyo itatota umande.

4. Pini na gundi, hapana. Weka bati nyuma na sumaku ndogo mbele, katikati karatasi ya Kijapani iliyotiwa rangi ya tapa. Iliyochoka sana ilaze kwenye ubao ulioinama kidogo.

5. Mwanga laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), unyevu karibu asilimia 50. Kabati la mwaloni likatae, linatoa asidi.

6. Lebo. Hapa ndipo ninapokesha. "Imekusanywa na Kapteni Cook", utadhani aliokota kombe ufukweni! Tarehe 26 Januari 1779, pale Kealakekua, Hawaii, mfalme Kalaniʻōpuʻu alivua joho lake la manyoya akamvisha Cook mabegani. Joho hilo lilifika New Zealand 1912, likarudi Honolulu 2016 kwa mkopo, na 2020 likakabidhiwa moja kwa moja. Kwa hiyo chagua kitenzi kufuata daftari: ilitolewa zawadi, ilibadilishwa kwa misumari, ilichukuliwa. Jina la wenyewe litangulie: kapa kwa Hawaii, siapo kwa Samoa, ngatu kwa Tonga. "Tapa" ifuate kwa herufi ndogo.

Kisha zima taa za ukumbi, uisome lebo kwa mwanga wa kabati peke yake. Ukishindwa, kuza herufi, taa usiiguse.