Kuchagua lenzi na kuitunza: somo kwa wanaoanza kupiga picha Nairobi

Lenzi niliyoipenda kuliko zote ilifia kabatini, na aliyeifungia humo ni mimi. Ilikuwa ya milimita 50, nyepesi, na ndiyo iliyonilipia kodi ya nyumba kwa miaka miwili. Mwezi wa Mei nilitoka nayo kwenye shughuli Limuru, mvua imetunyeshea, nikaitia kwenye mkoba wa ngozi na kuisahau hadi Agosti. Nilipoishika mbele ya dirisha niliona nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zimetambaa kutoka ukingoni mwa kioo cha ndani kama mizizi ya nyasi. Kuvu. Fundi aliifungua akaisafisha, lakini alama hazikutoka, maana kuvu ilikuwa imeshakula utando unaopakwa kwenye kioo ili kuzuia mng'ao. Tangu hapo kila picha niliyopiga kuelekea jua ilitoka na weupe kama wa maziwa.

Wengi mmeniuliza mnunue lenzi gani. Nitajibu, ila nawaomba msome hadi kwenye kuhifadhi. Kamera utaibadilisha baada ya miaka michache. Lenzi nzuri ikitunzwa inaweza kukaa nawe miaka ishirini.

Hatua ya 1: Jua unapiga nini, na mwanga ukoje mahali hapo

Chukua mfano wa ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu. Wageni wako chini ya hema, mawingu ya Julai yametanda, akina mama wanaingia wakiimba. Lenzi iliyokuja na kamera, ile ya milimita 18-55 (milimita zikizidi, vya mbali husogea karibu), ukiivuta hadi 55 tundu lake la mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Maana yake ni hii: pale ambapo ile ya kwanza inakulazimisha kupiga kwa 1/20 ya sekunde, na mikono ya wachezaji inatoka kama moshi, hii ya pili inakupa 1/200 na unaona hadi shanga za mkononi. Ndiyo maana nasema lenzi ya kwanza kununua ni 50 ya f/1.8. Ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa katika kampuni nyingi, na ile ya Canon iliyotoka 2015 ina uzito wa gramu 160 tu.

Angalizo moja. Ukifungua tundu lote na kusogea karibu, jicho moja litakuwa kali na jingine limefifia. Kwa picha ya wazee walioketi safu mbili, rudi f/5.6 na uongeze ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga.

Wanyama ni habari nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ina kilomita za mraba 117 na huruhusiwi kushuka garini popote utakapo, kwa hiyo simba akilala mbali, kwa lenzi ya 50 atatoka kama punje ya maharagwe. Tafuta inayofika 300 au zaidi. Kwenye kamera zenye sensa ndogo (sensa ni kile kibao cha ndani kinachopokea picha), ambazo ndizo wengi wetu tunazo, 300 hubana picha kama 450 kwenye Nikon na 480 kwenye Canon. Kwa majengo, kama unataka jumba la mikutano la KICC zima ukiwa umesimama uani pake, ile 18-55 uliyo nayo inatosha. Usinunue kitu.

Hatua ya 2: Hakikisha lenzi na kamera vinaelewana

Hapa watu wamelia. Mwanafunzi wangu mmoja aliuziwa Nikon 50 yenye herufi D kwa ajili ya kamera yake ya D3300. Ilikaa vizuri, ikapiga picha, lakini fokasi haikusogea yenyewe hata kidogo. Lenzi za aina hiyo hazina mota ndani. Zinategemea mota ya kamera, na kamera za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina. Alihitaji iliyoandikwa AF-S. Kwa Canon, lenzi yenye herufi EF inaingia kwenye kamera zote za kidijitali za EOS zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR), lakini EF-S haiingii kwenye zenye sensa kubwa. Kamera mpya zisizo na kioo hicho zina mdomo tofauti, yaani pale lenzi inapofungwa, na huhitaji adapta ya kuziunganisha na lenzi hizi. Nenda dukani na kamera yako mkononi.

Hatua ya 3: Kagua mtumba kabla ya kutuma pesa

Ukifika barabara ya Luthuli mjini au popote penye lenzi za mtumba, omba kusogea mahali penye kivuli. Toa vifuniko vyote viwili. Washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma kwa mshazari, kisha tazama kutoka mbele huku ukiizungusha polepole. Vumbi litaonekana kama nukta, na vumbi kidogo halidhuru picha. Unachotafuta ni nyuzi zinazotawanyika kama utando wa buibui, au ukungu mweupe uliofunika kioo kizima. Ukiona kimoja kati ya hivyo, rudisha, hata kama bei imeshushwa nusu.

Zungusha pete ya fokasi: isikwame, isikwaruze kama yenye mchanga. Kisha ivike kwenye kamera yako, piga ukuta wa matofali ukiwa umesimama wima mbele yake, kuza picha na ulinganishe pembe nne. Pembe moja ikififia peke yake, huenda lenzi iliwahi kuanguka. Baada ya yote hayo ndipo utoe simu ya M-Pesa.

Hatua ya 4: Kusafisha

Safisha mara chache. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na ukifuta kwa shati chembe hizo zinakwaruza kioo. Anza na pampu ya hewa ya mpira, lenzi ikiangalia chini. Usipulize kwa mdomo, mate yatafika. Fuata na brashi laini. Ikibaki alama ya kidole tu, ndipo utie tone moja la dawa ya lenzi kwenye kitambaa, usidondoshe kwenye kioo, maana litapenya pembeni na kuingia ndani. Futa kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje.

Hatua ya 5: Kuhifadhi

Kuvu hupenda giza, hewa iliyotulia na unyevu unaozidi asilimia 60 hivi. Mkoba uliofungwa una yote matatu. Nunua bakuli la plastiki lenye kifuniko kinachobana, tia pakiti za silika jeli na kipima unyevu kidogo, na uweke lenzi humo zikiwa kavu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Na kila wiki zitoe, uzitumie. Lenzi inayofanya kazi haioti kuvu kirahisi.

Maswali yenu

*Mwalimu, naweza kutumia mchele badala ya silika jeli? (Kayole)*

Hapana, dada. Mchele hunyonya unyevu kidogo sana, na unga wake utaingia kwenye pete za lenzi. Tafuta silika jeli ya rangi ya machungwa. Ikibadilika kuwa kijani imeshiba. Ikaushe kwenye oveni kwa moto wa nyuzi 100 hadi 120 na uitumie tena.

*Filta ya UV, kile kioo cha kuvika mbele ya lenzi, ina haja? Muuzaji ananisisitizia. (Rongai)*

Kwa rangi za picha, kamera za kidijitali haziihitaji. Kwa kinga dhidi ya vumbi na matone inasaidia, lakini iliyo rahisi huleta mng'ao wa taa usiku. Mimi hutumia hudi ya lenzi, ule mdomo wa plastiki unaotokeza mbele. Ikigonga mlango wa matatu, hupasuka yenyewe kwanza.

*Kaka, nikienda Mombasa lenzi inajaa umande nikitoka tu hotelini. Imeharibika? (Umoja)*

Haijaharibika. Imepoa kwa kiyoyozi, na unyevu wa hewa ya nje yenye joto unageuka matone juu yake kama kwenye chupa ya soda baridi. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, uiache humo nusu saa ipate joto. Usiifute, na usibadilishe lenzi wakati huo.

*Picha zangu za anga zina nukta nyeusi mahali palepale. Nimefuta lenzi mara nne. (Kasarani)*

Acha kuifuta. Weka lenzi nyingine upige anga kwa f/16. Nukta zikibaki palepale, vumbi liko kwenye sensa. Chagua kwenye menyu kamera ijisafishe, na zikikataa kutoka mpelekee fundi. Siku nyingine ukibadilisha lenzi, zima kamera, mdomo wake uangalie chini, na vioo vya gari viwe vimepandishwa.